Sura ya Nne: Umejuaje?

Kila andiko la utafiti, liwe la ukurasa mmoja au la kurasa mia nne, linadaiwa jibu la swali moja: umejuaje? Msomaji wa zamani aliridhika na jibu jepesi. Mwandishi ni mtu wa heshima, amefika huko, amesema; basi. Msomaji wa leo haridhiki. Anataka kujua ulipima kwa chombo gani, ulipima mara ngapi, uliwauliza akina nani, na kama mtu mwingine akifuata njia yako atafika pale pale ulipofika wewe.

Safari ya kutoka jibu la kwanza hadi la pili imechukua zaidi ya miaka 350. Ilianzia Ulaya, lakini huhitaji kwenda Ulaya kuiona. Uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Mpwapwa na Kongwa, kupitia Dodoma mjini hadi vilima vya Kondoa, umeandikwa na kila kizazi cha watafiti kwa mtindo wa kizazi chake. Ukiyapanga maandishi hayo kwa miaka yake, unaona namna uandishi wa kisayansi ulivyobadilika huku ardhi inayoandikwa ni ileile.

Hoja yangu katika sura hii ni kwamba uandishi wa utafiti ulikua kila ulipompa msomaji uwezo zaidi wa kuhoji. Hatua iliyobaki kwetu ni kumpa uwezo huo msomaji wa Kiswahili, ambaye mara nyingi ndiye aliyepimwa, aliyehojiwa na aliyewekwa kwenye ramani.

Barua zilizogeuka majarida

Kabla ya mwaka 1665, aliyegundua jambo alikuwa na njia mbili kuu: kumwandikia barua mwenzake, au kungoja miaka hadi kitabu kikamilike. Wengine waliogopa kuporwa ugunduzi wao hata wakauficha ndani ya mafumbo ya herufi. Galileo alifanya hivyo mwaka 1610, alipoona kwa darubini yake jambo la ajabu kwenye sayari ya Zohali. Aliwatumia wenzake herufi zilizovurugwa, akabaki na maana yake mpaka alipokuwa tayari kuitoa.

Januari 1665 lilitoka Paris toleo la kwanza la Journal des sçavans. Tarehe 6 Machi mwaka huohuo, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, akatoa Philosophical Transactions. Sehemu kubwa ya kazi ya Oldenburg ilikuwa kuchapa barua na habari alizopokea kutoka kwa wataalamu wa nchi mbalimbali. Badiliko linaonekana dogo, lakini lilipindua tabia ya wasomi. Ugunduzi uliochapwa ulikuwa na tarehe, na tarehe ilithibitisha nani ametangulia. Aliyekuwa akinufaika kwa kuficha sasa alinufaika kwa kutangaza.

Mtindo wa maandishi hayo ulikuwa wa mtu anayesimulia mambo aliyoyafanya mwenyewe: nilichukua hiki, nikakiweka pale, nikaona hivi. Robert Boyle, aliyechapisha mwaka 1660 majaribio yake ya hewa kwa kutumia pampu, aliandika kwa urefu unaoweza kumchosha msomaji. Alieleza chombo, alieleza hatua, alieleza hata majaribio yaliyomshinda. Alikuwa na sababu nzuri. Walioyashuhudia majaribio yake chumbani walikuwa wachache, naye alitaka msomaji aliye mbali awe shahidi pamoja nao.

Hata hivyo, makala hazikuwa na ikisiri, hazikuwa na orodha ya marejeo mwishoni, na hapakuwa na utaratibu wa kuzipeleka kwa wataalamu wengine wazikague kabla hazijachapwa. Kilichobeba uzito wa andiko kilikuwa jina la aliyeliandika.

Ugogo katika juzuu la mwaka 1859

Mtindo huo wa msimulizi ndio uliotangulia kuingia Ugogo, nchi ya Wagogo kwenye uwanda wa kati. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakapita Ugogo na Tabora, wakafika Ujiji Februari 1858. Mwaka 1859 jarida la Royal Geographical Society likampa Burton juzuu lake lote la 29, kurasa zaidi ya 400.

Andiko hilo linafuata njia ya msafara. Linaanzia pwani na kusonga nchi kwa nchi, na kila nchi inabeba mambo yote kwa pamoja: mwinuko wa ardhi, upepo, vyakula, hongo, yaani ushuru wa kupita, iliyodaiwa na watemi wa Ugogo, maradhi ya njiani, na maoni ya mwandishi kuhusu watu aliowakuta. Maoni mengi kati ya hayo ni ya dharau.

Tuangalie jinsi mambo ya aina mbili yalivyokaa ndani ya jalada moja. Mwinuko wa mahali ulipatikana kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, kwa hiyo aliyesoma kipimajoto aliweza kukokotoa urefu wa mahali aliposimama. Vipimo hivyo vilikuwa na makosa, lakini yeyote aliyekuja baadaye na kipimajoto chake aliweza kuchemsha maji tena na kusahihisha. Sentensi iliyowaita watu wa nchi fulani wakali au walafi haikuja na kipimo chochote. Nani aliulizwa? Watu wangapi? Kwa lugha gani? Msomaji hakupewa njia ya kuhoji, na sentensi zote mbili zilipata heshima ileile ya jarida la kitaalamu.

Hongo ni mfano mzuri. Kwa wasafiri wa Kizungu ilisomeka kama unyang'anyi. Lakini Ugogo ni nchi kavu, na misafara yenye mamia ya watu ilikuwa ikinywa maji ya visima vilivyochimbwa na wenyeji na kula akiba yao ya nafaka. Mzee wa Kigogo aliyelinda kisima chake wakati wa kiangazi angeieleza hongo kwa namna nyingine kabisa. Hakuna ukurasa uliotengwa kwa ajili ya maelezo yake.

Sidi Mubarak Bombay, mkalimani na kiongozi aliyefuatana na Burton na Speke, na baadaye na wasafiri wengine, alitunukiwa nishani ya fedha na pensheni na Royal Geographical Society mwaka 1876. Jina lake limo ndani ya masimulizi ya wengine; andiko lake mwenyewe la safari zile hatunalo.

Kufikia mwaka 1911, Mjerumani Heinrich Claus, daktari wa jeshi, alipochapisha kitabu chake Die Wagogo, masimulizi ya safari yalikuwa yameanza kuipisha njia nyingine: kupanga habari kwa mada, watu wakielezwa kwa makazi yao, mavazi, mifugo na desturi. Mpangilio huo ulimrahisishia msomaji kutafuta na kulinganisha. Pamoja na faida hiyo ulikuja upungufu mpya. Katika maandishi mengi ya enzi ile mwandishi alijiondoa kwenye sentensi, na habari zikasomeka kana kwamba zimejileta zenyewe, bila mtu aliyeuliza wala mtu aliyejibu.

Matope ya Mpwapwa

Mapinduzi ya kweli kwenye uwanda wa kati hayakuletwa na msafiri. Yaliletwa na mtu aliyekaa mahali pamoja akapima matope. Mpwapwa ilikuwa na kituo cha mifugo kilichoanza enzi za Wajerumani, na mwaka 1933 mtafiti wa kituo hicho, R. R. Staples, alianza majaribio ya mmomonyoko wa udongo, miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya aina hiyo barani Afrika.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulielewa. Juu ya mteremko mmoja, vipande vya ardhi vilizungushiwa kingo ili maji ya nje yasiingie, na ya ndani yasipate pa kutokea ila upande wa chini, ambako yalikingwa pamoja na udongo yaliouchukua. Kipande kimoja kiliachwa kitupu, bila hata jani. Kingine kililimwa nafaka. Kingine kilikuwa na nyasi, na kingine kilibaki kichaka cha asili kisichoguswa na mifugo. Mvua ileile ikanyesha juu ya vyote.

Kwenye ardhi tupu, karibu nusu ya maji ya mvua yalitiririka na kupotea. Kwenye shamba la nafaka yalipotea karibu robo. Chini ya nyasi hayakufika sehemu 2 kwa 100, na kichakani hayakufika hata sehemu 1. Udongo nao ulifuata mkondo huohuo: ulihama kwa wingi kutoka ardhi tupu na ile iliyolimwa, na ukatulia chini ya nyasi na kichaka.

Matokeo hayo yaliandikwa ndani ya ripoti za mwaka za idara ya mifugo, kwa majedwali na sentensi fupi. Ni maandishi makavu kuyasoma, lakini nayaheshimu kuliko kurasa 400 za Burton, kwa sababu yanamruhusu mtu yeyote kurudi kwenye mteremko, kujenga kingo, kungoja mvua na kuona kama Staples alisema kweli.

Na watu walirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden kuchunguza mmomonyoko nchini, wakiongozwa na Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Mwaka 1972 jarida la Geografiska Annaler likachapisha matokeo yao. Karibu na Dodoma walichunguza mabonde manne, Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi, wakipima tope lililojaa kwenye mabwawa ili kujua ni udongo kiasi gani unahama kutoka vilimani. Namba za Staples zilitumika tena, miaka karibu 40 baadaye, kwa kuwa aliacha ameeleza njia yake. Hiyo ndiyo faida ya marejeo: aliyetangulia anaendelea kufanya kazi.

Maandishi ya namna hii hayakubaki kwenye makabati. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo. Familia zilizoishi kwa maziwa na samadi zililazimika kupanga maisha upya. Miti na nyasi zilirudi, na mjadala kuhusu gharama waliyolipa wafugaji umeendelea katika maandishi ya watafiti hadi miaka ya karibuni. Namba iliyoandikwa vizuri ina nguvu ya kuhamisha ng'ombe. Kwa sababu hiyo, anayehamishiwa ng'ombe wake ana haki ya kuelewa namba hiyo ilipatikanaje.

Ripoti ya karanga

Miaka michache baada ya Staples kuanza kupima matope, maofisa, wamisionari na walimu waliokuwa Tanganyika walianza kuandika katika Tanganyika Notes and Records, jarida lililozaliwa Dar es Salaam mwaka 1936. Mwaka huohuo Clement Gillman, mhandisi aliyekuja nchini enzi za Wajerumani kujenga reli ya kati, alichapisha katika Geographical Review ramani ya watu wa Tanganyika. Alionyesha kwamba wakazi wamebanana kwenye sehemu ndogo ya nchi huku maeneo makubwa yakiwa hayana watu, na maelezo yake ya msingi yalikuwa maji. Penye maji ya kutegemewa watu walikaa. Pasipo na maji waliondoka, si kwa uzembe bali kwa maarifa.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1946, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki 9, ukaandika ripoti. Ripoti ilipendekeza ekari zaidi ya milioni 3.2 zisafishwe kwa mashine na kupandwa karanga, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilichapisha mpango huo na kuanza kazi, Kongwa ikiwa mstari wa mbele.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takribani 7,500. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta na kuzibana karanga zisivunike. Mvua haikufuata ratiba ya ofisi yoyote. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kula takribani pauni milioni 36.

Watu wengi husimulia habari hii kama kisa cha matrekta. Mimi naisoma kama kisa cha uandishi. Wakefield hakuwa mjinga. Alikuwa mtaalamu wa kilimo mwenye uzoefu wa nchi hii. Ripoti ilikuwa na majedwali, gharama na makadirio ya mavuno. Kilichokosekana ni sehemu inayomwonyesha msomaji msingi wa makadirio hayo. Rekodi za mvua za eneo hilo zilikuwa chache mno. Shamba la majaribio, ambalo lingeonyesha kwa msimu mmoja au miwili namna udongo wa Kongwa unavyokubali karanga, liliwekwa kando kwa ajili ya haraka. Msomaji alibaki na jina la mtaalamu na tarakimu nzuri. Tumerudi, basi, kwenye mtindo wa karne ya 17 wa kumwamini mwandishi kwa heshima yake, safari hii kwa gharama ya mamilioni.

Kongwa, miaka 50 baadaye

Katikati ya karne ya 20 makala ya kisayansi ilianza kupata umbo tunalolijua leo: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Majarida makubwa ya tiba yaliukubali mpangilio huo kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1980 karibu makala zote za utafiti ziliufuata. Mwaka 1948 British Medical Journal lilichapisha jaribio la dawa ya streptomycin kwa kifua kikuu, ambalo wagonjwa wake waligawanywa kwa nasibu ili daktari asijichagulie nani apate dawa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka misingi ya maadili ya utafiti kwa binadamu. Mwaka 1973 jarida la Nature lilifanya ukaguzi wa wataalamu wa nje kuwa sharti kwa makala zote za utafiti. Nchini kwetu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986.

Mabadiliko yote hayo yanaonekana katika makala moja kuhusu Kongwa iliyochapishwa mwaka 1995 na The Lancet. Sheila West na wenzake, waandishi 7 kwa jumla, walitaka kujua kama kuosha nyuso za watoto kunapunguza trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi huuita vikope na ambao huweza kupofusha. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamekaa na familia za Kigogo kuchunguza nani hasa nyumbani anaamua mambo ya maji na kazi za nyumbani. Katika nchi ambayo ndoo ya maji huchotwa mbali, kumwambia mama amuoshe mtoto uso ni kumgusa bajeti yake ya siku.

Vijiji 6 vilipangwa jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya macho. Katika kila jozi, kijiji kimoja kiliongezewa kampeni ya kuosha nyuso. Watoto 1,417 wenye umri wa mwaka 1 hadi 7 walichaguliwa kwa nasibu na kuchunguzwa baada ya miezi 2, 6 na 12.

Matokeo makuu yamo katika mstari mmoja unaostahili kusomwa polepole. Baada ya mwaka, uwiano wa uwezekano (odds ratio) wa trakoma kali katika vijiji vilivyoosha nyuso, ukilinganishwa na vijiji vilivyopata dawa pekee, ulikuwa 0.62. Kando yake kuna mabano: 0.40 hadi 0.97. Kama kuosha uso kusingesaidia chochote, namba ingekuwa 1. Mabano yanamwambia msomaji kwamba, kwa data hizi, faida inaweza kuwa kubwa sana, au inaweza kuwa ndogo kiasi cha kukaribia kutokuwepo. Waandishi walikuwa na habari njema ya kutangaza, na papo hapo wakamkabidhi msomaji kipimo cha mashaka yao wenyewe. Linganisha na makadirio ya karanga yaliyotolewa kwa ardhi hiyohiyo, bila mabano.

Usafi wa uso leo ni moja ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira bora. Ushahidi wa Kongwa ni sehemu ya msingi wa nguzo hiyo.

Shanga za Kisese

Hatua nyingine ya kukua kwa uandishi wa utafiti inaonekana kwenye miamba ya Kondoa. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi huko ya kunakili michoro ya kale, wakiweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mistari kwa mkono. Kitabu cha Mary kuhusu michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, zaidi ya miaka 30 baadaye. Katikati ya muda huo, mwaka 1979, Fidelis Masao alichapisha utafiti wake mwenyewe wa Zama za Mawe za Mwisho na michoro ya Tanzania ya kati, na sauti ya Mtanzania ikaingia kwenye marejeo ambayo kila mtafiti wa Kondoa sharti ayataje. Mwaka 2006 maeneo hayo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Uandishi wa leo kuyahusu hauishii kwenye rangi na mistari. Unawauliza pia wenyeji ambao hadi sasa hufanya matambiko ya mvua na tiba kwenye miamba kama Mungomi wa Kolo.

Hapo Kondoa kuna pango la Kisese II. Raymond Inskeep alilichimba mwaka 1956, akachapisha taarifa fupi, na vitu alivyovipata vikahifadhiwa. Zaidi ya miaka 60 baadaye, timu ya Christian Tryon, ikiwa na Watanzania Audax Mabulla na Amandus Kwekason miongoni mwa waandishi wake, ilivirudia vitu hivyo. Walipima umri wa maganda ya mayai ya mbuni kwa mionzi ya kaboni na kupata tarehe 29. Humo mna shanga na vipande vya shanga zaidi ya 5,000, vidogo, vilivyochongwa kutoka kwenye maganda hayo, na za kwanza zina umri wa kati ya miaka 46,000 na 42,000. Watu wa uwanda wa kati walikuwa wakijipamba tangu enzi hizo.

Makala yao ilitoka mwaka 2018 katika PLOS ONE, jarida linalosomwa bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye simu anaweza kuisoma, kuiona michoro ya tabaka za udongo, na kuikagua orodha ya tarehe moja baada ya nyingine. Sayansi iliyofichwa kwenye mafumbo ya herufi mwaka 1610 sasa imewekwa mezani pamoja na data zake.

Msomaji aliyesahauliwa

Lakini meza hiyo imewekwa kwa Kiingereza. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ilisababisha maafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki. Makala ya kitaalamu iliyoeleza mlipuko huo ilichapishwa mwaka 2018 katika World Mycotoxin Journal. Ni kazi muhimu iliyofanywa na wataalamu wa nyumbani. Hata hivyo, mama wa Chemba anayeanika na kuhifadhi mahindi hawezi kuisoma, wala mwenyekiti wake wa kijiji, wala mwalimu anayefundisha watoto wao darasa la saba. Wao hupokea tangazo: fanya hivi, usifanye vile. Tangazo ni la lazima wakati wa hatari, lakini halitaji njia iliyotumika, halina mabano, halina nafasi ya kuhoji. Linamrudisha mwananchi mahali alipokuwa msomaji wa Burton.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba utafiti. Ushahidi wa uwanda huuhuu unawapinga. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, mshairi na mtumishi wa serikali, alikusanya habari za watu wake na mwaka 1954 akachapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika kupitia East African Literature Bureau. Aliandika kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili, kuhusu koo, watemi na uhamaji ambao Claus aliutazama kutoka nje. Mwaka 1995 mwanahistoria Gregory Maddox alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza ili wasomi wa nje wakitumie. Kwa mara hii moja, elimu ilitoka Ugogo kwa Kiswahili na wengine ndio waliohitaji mfasiri. Upande wa sayansi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Vitendea kazi vipo.

Simtaki mtafiti wa Dodoma aache kuandika kwa Kiingereza. Wenzake wa Brazil na India wanahitaji kumsoma, na sayansi isiyokaguliwa na dunia hudumaa. Ninachodai ni deni la pili lilipwe pamoja na la kwanza. Kila makala na kila tasnifu iliyotokana na watu wetu iwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili au tatu, inayoeleza swali, mbinu, matokeo na kiwango cha mashaka, si ushauri peke yake. Ikisiri hiyo irudi kijijini ilikotoka data, isomwe kwenye mkutano wa kijiji, na nakala ibaki shuleni. Wanaotoa vibali na fedha za utafiti wana uwezo wa kulifanya jambo hili kuwa sharti kesho asubuhi.

Na wewe msomaji, mtafiti akija kwako na dodoso lake, mpe ushirikiano wako wote, kisha mwombe akuahidi mbele ya wazee kwamba atarudi na alichokipata, kwa maandishi, kwa lugha unayoisoma. Hiyo ni haki yako, na utafiti utakuwa bora zaidi ukiidai.